BUSTANI YA NYUMBANI: MBOGA ZA MVUA ZILIWE WAKATI WA KIANGAZI

Mtu aendaye soko la Kibuye mjini Kisumu katikati ya mwezi wa Mei, wakati wa jioni, ataona jambo la kusikitisha. Majani ya kunde, mgagani na mchicha yaliyochumwa alfajiri yamelala chini kwa mafungu, yamekwisha kunyauka, na akina mama wauzaji wanayatoa kwa bei ya kutupa, maana haina faida kuyarudisha nyumbani. Yasiyopata mnunuzi huliwa na mbuzi. Mtu huyo huyo akirudi hapo mwezi wa Februari atakuta fungu dogo lililoletwa kwa lori kutoka nyanda za juu za Kisii au za Nandi, na bei yake itamfanya mama mwenye watoto wengi asimame kidogo na kuhesabu fedha zake tena. Udongo wa Kisumu haukubadilika katika miezi hiyo, wala mikono ya wakulima wake. Kilichoondoka ni mvua tu.

Nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Masika huanza mwishoni mwa Machi, ikaendelea mpaka Mei. Vuli huja Oktoba na Novemba, ikakoma mapema mwezi wa Desemba. Kati ya misimu hiyo jua ni kali, na mwezi wa Januari na wa Februari ndiyo mibaya zaidi. Basi bustani ya nyumbani hulisha watu wake kwa wingi majuma machache, kisha hulala. Wengi wakiulizwa dawa ya upungufu huo hujibu kwamba ni kupanda zaidi. Lakini kupanda zaidi mwezi wa Aprili ni kuongeza tu yale mafungu yanyaukayo Kibuye mwezi wa Mei. Waswahili husema akiba haiozi. Mama aliyejaza kikapu cha majani ya kunde ajua ya kuwa akiba ya namna hiyo huoza kwa siku mbili. Dawa yenyewe ni kukausha, na tena mwenye bustani aijue siku atakayokausha kabla hajatia mbegu ardhini.

Hasara ya mboga iwapatayo watoto

Jambo hili si la fedha peke yake. Madaktari wasema kwamba mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kutoona vizuri jua linapokuchwa. Hujikwaa penye giza dogo ambapo wenzake wanapita bila taabu. Hali ikizidi, macho hukauka na huweza kupofuka kabisa. Tena mwili wake hauna nguvu ya kupigana na maradhi, hata surua au kuhara, ambayo mtoto mwenye afya huyashinda, humwangusha yeye. Mwili huitengeneza vitamini hii kutokana na majani ya kijani kibichi kilichokoza na matunda ya rangi ya manjano, kama maembe na mapapai. Kando ya ziwa, nyumba nyingi wakati wa kiangazi hula ugali kwa omena juma baada ya juma. Omena ni chakula chema sana, chenye kujenga mwili na mifupa, wala hapana mtu wa kuidharau. Lakini haichukui mahali pa majani.

Mboga zilizoitwa magugu

Kwa miaka mingi vitabu vya kilimo vilisifu kabichi na mboga nyingine za kigeni, na mboga za asili vikaziita magugu ya kung'olewa. Wazee hawakukubali, wakaendelea kuzila kimya kimya. Mtu aliyewapa haki yao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mzaliwa wa magharibi ya Kenya, ambaye tangu miaka ya 1990 alizichunguza mboga hizi, na alifundisha katika Chuo Kikuu cha Maseno, mahali ambapo mstari wa Ikweta wapita karibu tu. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa maziwa ya ng'ombe, mayai na baadhi ya samaki, kwa hiyo jamaa zake wakamlea kwa mboga za majani. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha kwamba mboga hizi zina madini ya chuma, chokaa na asili ya vitamini A kuliko kabichi, na kwamba huvumilia jua na wadudu vizuri zaidi.

Kila msomaji wa pande hizi azijua kwa majina ya kwao. Wajaluo huita majani ya kunde boo, mgagani huuita dek, mnavu osuga, mlenda apoth, na mchicha ododo. Iko tena mitoo, yenye uchungu kidogo, ambayo mizizi yake hurutubisha udongo kama ile ya kunde. Mwenye bustani ndogo hana haja ya kupanda zote. Kwa kazi ya kukausha, kunde ndiyo ya kwanza bila shaka, kisha mlenda, kisha dek.

Mahali pa bustani

Desturi ya Wajaluo ni nzuri katika jambo hili. Nyuma ya nyumba ya kila mama huwako kishamba kiitwacho orundu, ambacho ni chake mwenyewe, hupata majivu ya jikoni na takataka za ua, na hakiko mbali na macho yake. Hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Bora zaidi ni gunda, yaani mahali palipokuwa boma zamani kabla watu hawajahama, kwa sababu samadi ya ng'ombe wa miaka mingi imekwisha kuingia ardhini. Aliye na gunda katika ardhi yake akalima mahindi matupu juu yake haitumii vema bahati yake.

Katika uwanda wa Kano udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, ambao hunata mvua inyeshapo na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua. Hapo yafaa kuinua matuta kiasi cha futi moja, yenye upana wa futi tatu au nne ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga, na kuchimba mifereji kati yake, maana mizizi ya mboga hufa ikilala majini siku mbili. Samadi iliyooza itiwe kwa wingi kila msimu. Katika miinuko ya Seme na Maseno maji hupita upesi, na kazi iliyo kubwa huko ni kuyazuia: mistari ikatishe mteremko, na nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo. Walio karibu na maji waweza kutandaza magugumaji ya ziwani, lakini kwanza yaanikwe yakauke kabisa, la sivyo hushika mizizi upya.

Wako watu wapendao kulima ukingoni kabisa mwa ziwa kwa sababu ya unyevu. Wafikiri mara mbili. Mwezi wa Mei mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakapita hata kipimo cha mwaka 1964, ambacho kwa zaidi ya miaka 50 kilikuwa cha juu kabisa, na bustani nyingi za ukingoni pamoja na nyumba zikafunikwa. Hata maji yasipopanda, yuko kiboko. Yeye hutoka usiku kutafuta malisho, na bustani iliyoshughulikiwa miezi miwili huimaliza kwa saa moja, wala hakuna ua wa miiba umzuiao. Achotaye maji ya kumwagilia naye asisimame ziwani miguu mitupu, kwa ajili ya kichocho.

Mbegu zina tabia zake

Watu wengi hulalamika kwamba dek haioti, wakalaumu aliyewauzia mbegu. Mara nyingi kosa ni haraka. Mbegu ya dek iliyovunwa juzi bado imelala. Yataka kuwekwa mahali pakavu miezi mitatu hadi sita ndipo iamke. Kwa hiyo mbegu zilizovunwa Juni zitaota vizuri wakati wa vuli. Mbegu ya mlenda ina ganda gumu: hufungwa katika kitambaa, ikachovywa katika maji yaliyochemka kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi tu, kisha ikapozwa na kupandwa. Ya osuga hutolewa katika matunda yaliyoiva, ambayo hupondwa na kulazwa majini siku moja au mbili, halafu huoshwa hata utelezi wote utoke, na mbegu zikakaushwa kivulini. Watoto wakatazwe kula matunda mabichi ya osuga, maana yana sumu.

Kunde haina tabia ngumu. Huatikwa mbegu mbili kila shimo, nafasi ya kiganja kimoja kati ya mashimo na futi moja kati ya mistari, na katika juma la nne majani huanza kuchumwa. Yachumwe yale machanga yaliyokwisha kukunjuka, mawili matatu kwa kila shina, na shina liachwe liendelee. Anayetaka kuvuna kunde zenyewe pia asichume tena mimea ikianza kutoa maua. Kwa dek ni kinyume: maua yakikatwa mapema, majani huendelea kuja.

Hesabu ya kurudi nyuma

Hapa ndipo penye shina la somo hili. Mvua za masika huleta mboga nyingi, lakini huleta pia mawingu na unyevu, na majani yaliyoanikwa mwezi wa Mei huweza kuota ukungu kabla hayajakauka. Vuli ni tofauti. Vuli ikiisha, jua la Desemba hufuata mara moja. Basi mwenye bustani na aanze hesabu yake mwisho, arudi mwanzo. Jua la kukausha hurudi yapata tarehe 10 Desemba. Majani ya kunde huchumwa kuanzia juma la nne. Kwa hiyo kunde za kukausha hazipandwi Oktoba pamoja na za kula, bali katika juma la pili la Novemba, ardhi ikiwa ingali na maji. Mvua ikikatika mapema, kunde hustahimili kuliko mboga nyingine.

Hesabu ya pili ni ya kiasi. Chukua mfano wa nyumba yenye watu sita. Upungufu huanza mwishoni mwa Januari, ukaendelea mpaka mwishoni mwa Aprili, kwa kuwa mvua hunyesha Machi lakini majani mapya hayachumiki mpaka mwezi mmoja baadaye. Ni majuma 12. Nyumba hiyo ikila mboga kavu mara mbili kwa juma, ni milo 24. Mlo mmoja wataka gramu 125 hivi za majani makavu, kwa hiyo jumla ni kilo tatu. Majani mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, hata kilo kumi zikikauka hubaki moja, au zaidi kidogo. Basi zatakiwa kilo 30 za majani mabichi.

Kilo 30 zaweza kumtisha mtu. Lakini hazichumwi siku moja. Kilo tatu, mara mbili kwa juma, kwa majuma matano, zatosha, na kilo tatu ni kikapu kimoja. Mwisho wa kazi, majani makavu yaliyovunjwavunjwa yatajaza debe moja hivi. Debe hilo moja katika pembe ya nyumba ndilo kiangazi chote.

Namna ya kukausha

Watu wa ziwani hawahitaji kufundishwa ubora wa jua. Ngege hupasuliwa, hutandazwa na kuanikwa akawa obambla, na omena huenea ufukoni kama mchanga wa fedha. Kwa sababu hiyo wengi hudhani majani nayo ni vivyo hivyo, wakayatupa juu ya mwamba au juu ya mabati, jua likayapiga siku nzima. Hukauka upesi kweli. Lakini yakigeuka rangi ya nyasi za paa, sehemu kubwa ya asili ya vitamini A imekwisha kuharibika, kwa maana mwanga mkali wa jua ndio adui yake. Mama huyo ameweka akiba ya tumbo, na yale macho ya mtoto hakuyawekea kitu. Majani hukaushwa na hewa yenye joto, kivulini.

Kazi huanza asubuhi, umande ukiisha. Majani huchambuliwa, mashina magumu na yaliyoliwa na wadudu yakatupwa, kisha huoshwa katika maji safi mara mbili. Sufuria ya maji yenye kijiko cha chumvi huwekwa motoni mpaka maji yatokote. Majani hutiwa katika kitambaa chepesi, yakachovywa humo dakika mbili, yakatolewa na kutumbukizwa mara moja katika maji baridi, kisha yakaachwa yachuruzike. Wako wanaoiona hatua hii kuwa ni udhia, wakairuka. Haifai kuirukwa. Ndani ya kila jani kuna vitu viendeleavyo kulivunjavunja hata baada ya kuchumwa. Maji ya moto huviua, na pasipo kufanya hivyo mboga iliyokaa miezi miwili hupoteza rangi na kunuka kama majani ya ng'ombe. Ni kweli kwamba vitamini C nyingi hupotea, majini na katika kukauka. Hiyo itafutwe katika ndimu na mapera mabichi.

Baada ya hapo majani hutandazwa juu ya uchanja, tabaka moja jembamba, yasilaliane. Uchanja waweza kutengenezwa kwa fito na wavu wa zamani wa omena uliofuliwa vizuri, ukainuliwa kiasi cha kifua cha mtu, ili hewa ipite juu na chini na kuku wasiufikie. Uwekwe chini ya paa lililo wazi pande zote au chini ya mti wenye kivuli kizito, mbali na barabara ya vumbi. Juu yake kitandazwe kitambaa chepesi au chandarua cha kuzuia nzi. Tena uwe mwepesi wa kubebwa na watu wawili. Kila mkazi wa Kisumu aijua mvua ya alasiri: ziwa limetulia, mara upepo, mara radi, na aliyeanika omena hukimbia. Majani yaliyonyeshewa yakiwa nusu kavu hayafai tena. Usiku yaingizwe ndani, kwa sababu hunyonya umande.

Siku mbili au tatu zatosha kwa kawaida. Jani likikauka sawasawa huvunjika mkononi kwa mlio. Likipinda tu, bado. Hapo watu wengi huyafungia debeni mara moja, na baada ya mwezi hufungua wakakuta ukungu. Inafaa kwanza kuyatia katika chombo na kukiangalia kwa muda wa juma moja, kila siku kikitikiswa. Matone madogo yakionekana chini ya kifuniko, majani yote yarudi uchanjani. Yasipoonekana, debe lifungwe kabisa na kuwekwa mahali pakavu penye giza. Yakitunzwa hivyo hukaa miezi sita yakiwa mazuri. Baada ya hapo hayadhuru, lakini nguvu yake hupungua mwezi kwa mwezi. Lililoota ukungu halichaguliwi likaliwa nusu, litupwe lote.

Jirani wa ng'ambo ya ziwa

Kazi hii si mpya katika Afrika ya Mashariki. Wagogo wa Dodoma, ambao nchi yao hupata mvua mara moja tu kwa mwaka, hukausha mlenda wakausaga na kuula miezi mingi. Upande wa kusini wa ziwa hili hili, Wasukuma wa Mwanza na Shinyanga hukausha majani ya kunde, na viazi vitamu hawaviachi vioze shambani. Hukata vipande vibichi wakavianika, wakaviita michembe. Au huvichemsha kwanza, na hivyo huitwa matobolwa, ambavyo watoto huvitafuna kama peremende. Watu wa Kabondo na Kendu Bay, ambao viazi vyao vyasifiwa soko zima, wangeweza kujifunza hapo. Na ikiwa ni viazi vya rangi ya machungwa, faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo alama ya asili ya vitamini A. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa wataalamu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Ulimwengu, na watatu kati yao, yeye akiwamo, waliipata kwa kuvieneza viazi hivyo. Navyo vikikaushwa vifichwe mwanga kama majani.

Maembe na mapera

Maembe huiva yote pamoja, na chini ya mwembe mmoja mkubwa huweza kuoza chakula cha juma zima. Yachaguliwe yaliyoiva yakiwa bado magumu kidogo, yamenywe, yakatwe vipande vya unene wa robo inchi, na kuchovywa katika maji yenye ndimu ili yasiwe meusi. Embe lina maji na sukari nyingi, na likiwekwa kivulini tu huchacha. Kwa hiyo huanikwa juani, lakini chini ya kitambaa chepesi kipunguzacho ukali na kuzuia nzi. Likiwa tayari hupinda kama ngozi ya kiatu na halitoi maji likifinywa. Mwenye mbao chache na nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga aweza kujitengenezea sanduku la kukaushia matunda: ndani lipakwe rangi nyeusi, litobolewe matundu mbele chini na nyuma juu, ili hewa baridi iingie na hewa ya moto itoke.

Embe bichi hufaa achari. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na Wahindi wakapewa mashamba Kibos miaka michache baadaye, sanaa hii ilifika nao, na watu wa pwani walikuwa wakiijua tangu zamani. Maembe mabichi hukatwa vipande pamoja na ganda lake. Kwa kila sehemu kumi za maembe kwa uzito hutiwa sehemu moja ya chumvi, yakaanikwa siku mbili juani, kisha yakachanganywa na pilipili, uwatu, siki na mafuta yaliyochemshwa yakapoa. Mafuta yafunike vipande vyote ndani ya chupa. Achari isifunguliwe mpaka majuma mawili yapite, wala isichotwe kwa kijiko chenye maji.

Mapera, ambayo watoto huyachezea kama mawe, ni tunda bora la jamu kwa sababu hugandisha lenyewe. Huchemshwa na maji kidogo, yakachujwa mbegu, na kwa kila kikombe cha uji wake hutiwa kikombe kimoja cha sukari na maji ya ndimu. Hupikwa kwa moto mkali huku yakikorogwa, na tone likiangushwa juu ya sahani baridi likakunjamana linaposukumwa kwa kidole, jamu imeiva. Chupa zichemshwe dakika kumi kabla ya kujazwa, na zijazwe zingali na moto.

Wako waliokwisha kusikia habari ya chupa wakataka kuzitia mboga za majani vivyo hivyo. Jambo hilo ni la hatari, na hapana budi kulisema waziwazi. Matunda na achari hulindwa na uchachu, chumvi au sukari. Mboga zilizochemshwa na kufungiwa chupani hazina ulinzi huo, na ndani yake yaweza kukua sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua watu wa nyumba nzima. Maji yanayochemka hayatoshi kuua kiini chake. Viwanda hutumia mitambo maalumu yenye joto kali kuliko hilo. Nyumbani, mboga za majani zikaushwe tu.

Kupika mboga kavu

Mlo wa mboga kavu huanza kutayarishwa mapema. Majani hulowekwa katika maji ya vuguvugu kwa muda wa nusu saa, na maji hayo hayamwagwi, hupikiwa humo humo. Huchemka mpaka yalainike, kwa kawaida muda mrefu kidogo kuliko mabichi. Kisha hutiwa maziwa, au karanga zilizosagwa, au simsim, kwa kuwa asili ya vitamini A haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Hapo mazoea ya akina bibi, ambao hawakusoma habari ya vitamini, yapatana kabisa na maneno ya madaktari. Dek na osuga, kwa ajili ya uchungu wake, wao huzilaza chunguni na maziwa usiku kucha na kuzipasha asubuhi. Mtoto mdogo asiyeweza kutafuna huwekewa kijiko kimoja cha majani yaliyotwangwa yakawa unga, katika uji unaochemka, na kidogo cha samli juu yake. Uji hugeuka kijani, naye huenda akaukataa siku ya kwanza. Siku ya tatu huuzoea.

Kabla ya kufunga debe mwezi wa Januari, mama mwenye bustani na aache pia mistari miwili ya kunde isiyochumwa mpaka maganda yakauke, maana mbegu za Novemba ijayo hutoka hapo.